Miezi minane ya kabichi, habasoda na kokwa la parachichi

Daftari langu la vipimo lina kurasa tatu ambazo hazina kiuno wala kifua cha mteja yeyote. Zimejaa kabichi. Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini, na kila kitu changu kimo humo: urefu wa mikono ya sare, madeni ya vitambaa, zamu za mchezo. Kuanzia Juni 2023 hadi Februari 2024 niliandika pia kabichi nilizonunua, asali lita ngapi, habasoda robo ngapi. Jumla yake ni shilingi 391,500. Nilikuwa najitibu bakteria wa tumbo kwa vyakula, antibayotiki sitaki hata kuzisikia.

Naandika kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuja kibandani ameshika chembe ya moyo na kuniuliza, "Mama, wewe ulipona na nini?" Jibu lake ni refu, si la kusimama mlangoni.

Maumivu yalianza Machi 2023, msimu wa nguo za Idd. Kwa fundi huo ndio wakati wa mavuno. Unakaa kwenye mashine tangu asubuhi hadi usiku wa manane, mgongo unataka kukatika, na mimi wangu nilikuwa nautuliza kwa diklofenaki. Vidonge viwili kwa siku, siku ngumu vitatu. Kwa kuwa ilikuwa Ramadhani, kimoja nilikimeza daku nikajilaza. Maumivu yalikuja saa tisa usiku, hapa juu ya kitovu chini ya mbavu, kama mtu amekandamiza kidole gumba na hataki kukiondoa. Nikila yanapoa. Saa mbili tatu baadaye yanarudi.

Baada ya Idd nikaenda zahanati. Wakanitoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kile kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. "Una H. pylori, mama." Ndiye huyo bakteria wa tumbo. Elfu 10 ya kipimo, elfu 42 ya dozi: omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini, asubuhi na jioni kwa siku 14. Hakuna aliyeniuliza habari za diklofenaki, na mimi sikusema. Kwangu ile ilikuwa dawa ya mgongo, tumbo linahusika vipi?

Siku ya pili mdomo ukawa na ladha ya msumari. Chai msumari, wali msumari, hata maji. Siku ya nne nikaanza kuharisha. Siku ya sita nikaacha, na nilikuwa na sababu niliyoiona ya maana: maumivu yalikuwa yamekwisha. Sikujua kwamba omeprazoli ndiyo iliyozima asidi, na kidonda kisipomwagiwa asidi kinanyamaza. Bakteria wenyewe walikuwa wamepigwa tu, hawajafa, na wanaobaki katika hali hiyo huwa ni wale wagumu. Vidonge vilivyobaki nikampa shoga yangu aliyekuwa anakohoa. Naona haya kuliandika hilo, lakini najua siko peke yangu.

Juni maumivu yakarudi, safari hii na kiungulia na kucheua. Nikasema zile dawa kali sizigusi tena. Hapo ndipo wifi yangu alipoingia.

Wifi ni mtu wa kutuma sauti WhatsApp, dakika nne nne. Ana majirani waliopona, ana shemeji wa jirani aliyepona, na kila mmoja ana chakula chake. Huyu kabichi, yule asali na habasoda, wa tatu kitunguu swaumu, wa nne kokwa la parachichi. Nikaamua nisimkosee mtu. Nikatumia vyote.

Kabichi za Lushoto hapa kwetu hazina shida. Asubuhi nilikata nusu kabichi, nikaisaga kwenye blenda na maji kidogo, nikaichuja kwa kipande cha kitambaa cha marekani nilichokifua bila sabuni. Inatoka glasi mbili za kijani kibichi, zina povu juu. Ukiichelewesha inaanza kunuka, kwa hiyo unaimeza papo hapo umefumba macho. Kazi inaanza saa nne: mteja amesimama mbele yako unampima nyonga, na tumbo lako linanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nilinunua redio ya kibandani kwa ajili hiyo tu.

Kitunguu swaumu, punje tatu zilizopondwa, kabla ya kitu chochote. Kiliwaka. Kilivyokuwa kinachoma ndivyo nilivyoamini kinaua. Habasoda kijiko kimoja na asali ya Handeni viwili, hiyo ilikuwa raha, na ndiyo ningeiacha mwisho. Kokwa la parachichi unalikwangua, unalianika siku tatu, unalitwanga. Likiwa bichi ni jeupe, likipata hewa linageuka rangi ya kutu, na ukilichemsha maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Uchungu wake unakaa kooni hadi adhuhuri. Kikombe changu cheupe kiliingia doa lake na halijatoka hadi leo.

Nitasema ukweli: wiki tatu za kwanza nilipata nafuu kubwa. Nililala usiku kucha. Nikamtumia wifi sauti ya kumshukuru, naye akaisambaza kwa watu wake, kwa hiyo mimi pia nikawa ushahidi wa mtu mwingine.

Leo nikilifungua lile daftari naona jambo ambalo wakati ule sikuliona. Wiki ileile niliyoanza kabichi nilikuwa nimeacha pia chai ya rangi, pilipili ya kupondwa na kula saa nne usiku. Na Juni hakuna harusi nyingi, kazi ilikuwa kidogo, mgongo hauumi, diklofenaki sikuigusa. Nilibadilisha mambo matano kwa mpigo na sifa zote nikaipa kabichi. Ukitaka kujijaribu na chakula, badilisha kimoja uache vingine vilivyo, na uandike tarehe. Mimi niliandika bei tu.

Oktoba nikarudi kupima. Kipimo kilekile cha kidole, zahanati nyingine. Mistari miwili tena. Niliumia sana, nikaenda kuongeza punje za kitunguu swaumu zikawa sita. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba kipimo kile cha damu kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya bakteria, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata mwaka na zaidi, baada ya bakteria kuondoka. Yaani hata ningekuwa nimepona, kingeweza kuniambia sijapona. Elfu 10 niliitupa, na vidokezo vya maana nikavipita.

Maana vilikuwepo. Utepe wa kupimia uliniambia kabla ya daktari. Juni kiuno changu kilikuwa inchi 34. Desemba 30. Wateja walinisifu, "Fundi unapendeza, unafanya mazoezi gani?" na mimi nikajipunguzia magauni manne huku nacheka. Kupungua bila kukusudia, ukiwa na maumivu ya chembe ya moyo, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, si la kupunguza mishono.

Januari zikaja sare za shule. Mgongo ukarudi, na diklofenaki ikarudi. Wifi sikumwambia, mume wangu sikumwambia. Mtu aliyetangaza kwamba anajitibu kwa asili haoni vizuri kuonekana ana kidonge.

Wiki ya pili ya Februari choo changu kikawa cheusi. Si kahawia iliyokoza, ni cheusi cha lami, kinanata, na kina harufu ambayo hujawahi kuisikia chooni. Nikajiambia ni habasoda. Mbegu nyeusi, choo cheusi, hesabu imekubali. Siku tatu niliishi na hesabu hiyo. Siku ya nne nikiwa natia uzi kwenye sindano, tundu la sindano likawa mawili, halafu manne, halafu nikajikuta chini na mteja ananipepea kwa sketi aliyokuja kuichukua.

Choo cha namna ile ni damu iliyovuja juu tumboni ikachakachuliwa njiani. Ukikiona usingoje asubuhi. Na ukitapika kitu kinachofanana na unga wa kahawa, ni hivyohivyo.

Hospitali walikuta damu yangu imeshuka hadi 6.8. Mume wangu na shemeji wakaenda kujitolea, nikaongezewa chupa mbili. Daktari alikuwa mdogo kwangu kwa umri, dada mwenye sauti ya chini, akaniamkia shikamoo kabla ya kuuliza chochote.

"Mama, unatumia dawa yoyote ya maumivu?"

"Nilikuwa natumia ya mgongo. Niliacha."

"Uliacha lini, mama?"

Nikanyamaza. Mume wangu akanigeukia. Ilibidi niseme mbele yake: jana yake asubuhi.

Hakunigombeza. Akauliza na vyakula, nikamtajia vyote, akaandika vyote. Kitunguu swaumu kingi, akasema, kinaweza kuchangia damu isigande upesi, na mimi nilikuwa nakila punje sita juu ya diklofenaki. Kwa hiyo nilikuwa nimefungua bomba na huku nimelegeza kifuniko.

Kesho yake kamera ya kuangalia ndani ya tumbo. Watu wanaiogopa, niwaeleze ilivyo. Unapuliziwa ganzi kooni, ladha yake chungu, ulimi unakuwa si wako. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kijibomba cha plastiki, na ule mpira mweusi unashuka. Unacheua kama mbwa na machozi yanatoka, lakini huumii, na kwangu haikuzidi dakika kumi. Usijikaze koo. Pumua kwa pua, hesabu. Niliwahi kuvumilia fitina mbaya zaidi ya ile.

Wakakuta kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Wakanyofoa vipande vidogo, kimoja muuguzi akakiweka kwenye kijisanduku chenye utomvu wa njano. Nilipokuwa nakaa kupumzika akanionyesha: njano ilikuwa imegeuka waridi iliyokoza, waridi ya sare za harusi za mwaka ule. Akanieleza kwamba bakteria huyu ana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, na kwa amonia hiyo anajizungushia eneo lisilo na asidi na kuishi ndani ya tumbo ambalo lingeua bakteria wengi. Utomvu ukikutana na amonia unabadilika rangi. Nikautazama ule waridi muda mrefu. Miezi minane ya kabichi, na wao wamo mle wanapika amonia yao.

Daktari akanipa na kisa ambacho kilinifanya nicheke wodini. Zamani vidonda vya tumbo viliitwa ugonjwa wa mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakamwotesha huyu bakteria maabara, na wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe cha mchuzi wa bakteria akanywa mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipochunguzwa tumbo lilikuwa limevimba na bakteria wamejaa. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. "Kwa hiyo mama, si wewe wa kwanza kujifanyia majaribio," akasema, "ila yeye alikuwa na mtu wa kumpima."

Binti yangu anasoma uuguzi, mwaka wa pili. Nilipotoka wodini nilimwambia, mimi sitaki kuambiwa chakula ni upuuzi, nitafutie walikijaribu wapi kikashindwa. Akanitafutia, akanisomea jioni mbili nikiwa kitandani, na hayo yalinituliza kuliko mahubiri ya mtu yeyote, maana hawakuwa wamedharau chakula. Walikuwa wamekipima.

Juisi ya kabichi ina historia ya heshima. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa San Francisco aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda lita moja kwa siku, akaandika kwamba vidonda vilifunga ndani ya siku kumi hivi kwa wastani. Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha, na mwaka huo bakteria mwenyewe alikuwa bado hajaoteshwa maabara. Basi nafuu yangu huenda haikuwa ndoto tupu. Kidonda kikitulia ni jambo moja, aliyekichimba kuondoka ni jambo la pili.

Kitunguu swaumu kinamuua huyu bakteria kwenye kisahani cha maabara, hakuna ubishi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakawapa watu 12 wenye bakteria vyakula tofauti: siku ya kitunguu swaumu punje kumi mbichi, siku nyingine pilipili mbichi, siku nyingine dawa ya bismathi, halafu wakawapima pumzi kuona hali ya bakteria. Bismathi iliwabana bakteria. Kitunguu swaumu hakikufanya kitu, pilipili vilevile. Binti akanichorea kwenye lile daftari: tumbo, juu yake utando mzito wa ute, na bakteria chini ya ute, amejisokota kama skrubu. "Kwenye kisahani, mama, kitunguu kinamkalia juu yake saa nzima. Tumboni kinachanganyika na chai na uji, kinapita juu ya ute, kinashuka." Baadhi ya antibayotiki zinaingia kwenye damu na kumfikia kwa upande wa nyuma pia. Nikaelewa. Ni kama kunyunyizia dawa ya mende juu ya zulia.

Brokoli hapa ni mboga ya mahotelini, lakini ndiyo iliyofika mbali. Mwaka 2009 Wajapani waliwalisha watu machipukizi ya brokoli gramu 70 kila siku kwa wiki nane. Dalili za bakteria zikapungua kweli. Wakaacha kula, miezi miwili baadaye vipimo vimerudi palepale.

Habasoda nilikuwa namwombea. Mwaka 2010 huko Saudi Arabia waliwajaribu watu 88. Waliopewa habasoda gramu 2 kwa siku pamoja na omeprazoli, theluthi mbili walionekana hawana bakteria tena. Waliopewa dozi ya kawaida ya antibayotiki walikuwa asilimia 83 hivi. Mimi nikashangilia, theluthi mbili si haba! Binti akagonga kalamu kwenye mstari wa chini: waliopewa gramu 1 hawakufika nusu, na waliopewa gramu 3 nao hawakufika nusu. Dawa gani ukiizidisha inapunguza kazi? Watu wachache, jaribio moja, na omeprazoli imo. Nami nilikuwa nachota kwa kijiko cha chai kilichojaa, bila mzani wala omeprazoli.

Habari za kokwa sikumuuliza.

Kwa kuwa dozi ya kwanza niliivunja, daktari hakunirudishia zilezile. Nikapewa nne pamoja: omeprazoli mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya kula, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli mara nne kwa siku, siku 14, elfu 68. Vidonge vingi mpaka nikavipanga kwenye kisanduku cha vifungo. Nilivifunga na adhana ili nisisahau: baada ya chai ya asubuhi, baada ya adhuhuri, baada ya magharibi, na kabla ya kulala. Tarehe 15 Februari nilianza, tarehe 29 nikamaliza, na hakuna kidonge kilichokwenda kwa shoga yeyote.

Na hapa ndipo chakula kilipopata kazi yake. Ladha ya msumari ilirudi, nikaishinda kwa kutafuna iliki na karafuu. Kichefuchefu kilitulia kwa tangawizi ndani ya uji wa mchele. Kuharisha kulikuja siku ya tano, na mtindi ukakupunguza. Binti alinionyesha kwamba bakteria wazuri wa aina hiyo wamechunguzwa sana, na wanasaidia watu kuvumilia dozi mpaka mwisho. Lakini mtindi na maziwa nilivitenga na tetrasaiklini kwa saa mbili nzima, kwa sababu kalsiamu inaishika dawa hiyo na kuizuia kuingia mwilini. Vidonge vya kuongeza damu vina tabia hiyohiyo, nikaambiwa nivianze dozi ikiisha. Na metronidazoli haipatani na kileo, kwa hiyo angalia hata dawa yako ya kifua kama ina alkoholi.

Jambo jingine: bismathi inafanya choo kuwa cheusi, na ulimi pia. Mtu aliyetoka kuanguka kwa choo cheusi anaamka asubuhi anakiona tena! Nilipiga kelele chooni mume wangu akavunja kitasa. Daktari alikuwa amenieleza, ni mimi niliyesahau. Tofauti niliyofundishwa ni kwamba cha bismathi hakinati kama lami, hakina ile harufu, na huoni kizunguzungu. Ukiwa na wasiwasi rudi ukapimwe, usijiamulie.

Ramadhani iliyofuata sikufunga. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa mwisho kufuturu kwa ajili ya kazi, na mwaka ule nilikula uji mchana kwa kujificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Siku zile nimezilipa baadaye. Wateja wa Idd walikwenda kwa mafundi wengine, baadhi hawajarudi.

Kipimo cha mwisho kilihitaji subira. Daktari alinikataza kupima kabla ya wiki nne kupita tangu nimalize antibayotiki, na wiki mbili tangu niache omeprazoli, la sivyo bakteria wanajificha na majibu yanadanganya. Mwezi Mei nikaenda maabara. Kijana akavuta kidole changu, sindano tayari.

"Mwanangu, hapana. Nataka cha choo."

"Mama, hiki ni rahisi, elfu 10 tu. Cha choo ni elfu 25."

"Hicho nimeshakilipia mara mbili."

Akanitazama kama mteja msumbufu, na pengine nilikuwa msumbufu. Akanipa kikopo. Jioni yake nikachukua karatasi: hasi. Nikaisoma kwa miwani, halafu bila miwani, halafu nikampa mume wangu aisome kwa sauti.

Wapo ambao hawatapata daktari kama wangu, kwa hiyo niseme niliyoyashika. Bakteria huyu anakaa kwenye matumbo ya karibu nusu ya watu duniani na wengi hawaumwi, kwa hiyo kupatikana naye si hukumu, lakini ukiwa na kidonda naye yumo, anatakiwa atoke, maana mwaka 1994 alishawekwa kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani. Dawa za mgongo na viungo, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zinachimba vidonda bila msaada wa bakteria yeyote. Zitaje hata kama hukuulizwa. Maziwa yanapoza kwa nusu saa kisha asidi inaongezeka. Shubiri mwitu wifi aliniletea pia, na utomvu wake wa njano ni wa kuharisha, achana nao. Na kama una daftari la matumizi, jumlisha mapema: nilisema dozi ya elfu 42 ni ghali, nikatumia laki tatu na tisini jikoni, halafu hospitali ikala laki tano na ushee. Ovaloki yangu, mashine ya kuzungushia kingo za nguo, niliiuza 350,000. Sasa hivi natembea na nguo za wateja mitaa miwili kwenda kuzungushiwa kwa fundi mwingine, mia tatu kila moja.

Wifi hatujagombana. Aliposikia alilia, akaleta kuku. Kabichi nakunywa bado, na karoti na ndimu, jioni, kwa sababu nimeizoea na kibanda kinakuwa kimefungwa. Habasoda na asali nakula kwa utamu wake.

Ule unga wa kokwa ulibaki nusu ndoo, nikashindwa kuutupa. Siku moja, nikikitazama kile kikombe chenye doa, nikauchemsha wote kwenye sufuria la zamani na kutumbukiza mita mbili za marekani. Nikaiacha ilale usiku kucha. Asubuhi kitambaa kilitoka na waridi iliyofifia, waridi ya ndani ya kombe la pwani, na nimekifua mara tatu haijachuja. Nimeshona gauni la mtoto wa wifi. Mteja mmoja ameliona akauliza bei ya mita.